Bodi Yako Si Feki, Ni Waya Zako

Wacha niseme tu, mkitaka mnichukie: wasee wengi wanaojijengea CNC kwa nyumba wanachoma pesa juu ya uvivu wa waya.

Stori huwa ni ile ile. Mashine inasonga poa kabisa mota ya kukata ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, dakika mbili hazijaisha, ALARM:1. Kazi imesimama, mbao imeharibika. Hapo ndio unaskia, "Bodi ni feki, buda." Mtu anarudi Luthuli Avenue, ananunua bodi mpya, anaifunga na waya zile zile. Shida inarudi vile ilikuwa.

Sasa nijibu: kama bodi ni mbovu, mbona inafanya kazi vizuri mota ikiwa imezimwa?

Hiyo ni kelele ya umeme. Brashi za mota zinarusha cheche. Kama unatumia invata, inakata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Waya yoyote ndefu iliyo karibu inageuka antena. GRBL ikiona mruko kidogo kwa waya ya swichi ya limiti, inadhani mashine imefika mwisho, inasimama. Na kwa Arduino Uno, rezista ya ndani inayoshikilia hiyo waya ni kati ya kiloomu 20 na 50. Hiyo ni kama kufunga ng'ombe na uzi.

Kuna wale watakuambia uzime limiti kwa seting, $21=0, maisha iendelee. Manze, huko ni kumfunga mbwa mdomo ndio ulale. Siku mwizi atakuja kweli, utajua hujui.

Dawa iko na ni rahisi. Tenganisha waya za mota na za swichi. Zikilazimika kupatana, zipite kama msalaba, zisilale pamoja. Tumia kebo yenye foili kwa swichi, na hiyo foili uifunge athi upande mmoja tu, kwa bodi. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya pini ya swichi na graundi. Ongeza rezista ya nje kama ya kiloomu 4.7 kutoka pini hiyo hadi volti 5. Halafu funga swichi ile aina inayokaa imeshikana na kuachana ikigongwa, na uweke $5=1.

Na hii si ya kubembelezana: wachana na ile tabia ya kusukuma kalamu kwa tundu la athi ndio plagi ya pini mbili iingie. Fremu ya chuma bila athi haileti kelele peke yake. Inaua.

Tunapenda kusema vitu vya kujitengenezea haziaminiki. Zitaaminika aje kama tunafunga waya kama ugali na sukuma?

Kwa hivyo kabla uniambie bodi ni feki, nitumie kwanza picha ya waya zako.