Mkanda Mweusi Hausikii Beringi

Mwezi uliopita kiwanda kimoja cha kujaza mafuta ya kula jijini Dar es Salaam kilitangaza zabuni ya mshauri mwelekezi. Kilitaka mtu wa kuwafundisha waendesha mashine na mafundi wake namna ya kutunza mitambo na kupunguza upotevu, mambo ambayo siku hizi tumeyafungia yote kwenye neno moja, Kaizen. Hadidu za rejea zilikuwa na kurasa 14. Nilizisoma zote kwa sababu fundi mmoja ninayefahamiana naye aliniomba nimsaidie kujaza fomu. Tulikwama ukurasa wa nne: mwombaji awe na shahada ya uzamili, na awe na cheti cha mkanda mweusi wa Six Sigma. Miaka ya kushika mashine haikupewa alama hata moja.

Fundi huyo ameshinda kwenye mitambo ya kujaza na kufunga chupa kwa miaka 22, saba kati ya hiyo ndani ya kiwanda hicho hicho. Cheti chake ni cha majaribio ya ufundi, daraja la kwanza. Alikatwa kabla bahasha ya bei haijafunguliwa. Kazi akapewa kijana mwenye kompyuta nzuri na slaidi 96; ya kwanza ilieleza S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Maneno hayo yamepakwa rangi kwenye ukuta wa kiwanda hicho kwa miaka kadhaa sasa, kando ya mlango wa stoo, kwa herufi za buluu.

Uamuzi ule ni wa kijinga, na sioni sababu ya kuuzunguka.

Wanaoutetea wana hoja zao, na haki yao wapewe. Cheti humlinda mnunuzi dhidi ya matapeli, nao wapo wengi. Mhandisi aliyesoma anajua takwimu, anajua kupima mtetemo wa mota, anajua kuandika ripoti ambayo benki itaisoma. Fundi wa zamani mara nyingine ana mazoea mabaya ya miaka 20, na si kila anayejua kutengeneza anajua kufundisha. Yote hayo ni kweli. Hakuna hata moja linaloeleza kwa nini mtu anayekwenda kufundisha kazi asiulizwe kama amewahi kuifanya.

Tuanze na huo mkanda. Six Sigma, mbinu ya kupunguza kasoro katika uzalishaji, ilizaliwa katika kampuni ya Motorola, Marekani, mwaka 1986, kutokana na kazi ya mhandisi Bill Smith, na mikanda ikaja baadaye kwa kuazima lugha ya judo na karate. Hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia utoaji wa mikanda hiyo. Yeyote mwenye tovuti anaweza kukuuzia mkanda mweusi kwa wikiendi mbili, na wengi wanauza. Chama cha ubora cha Marekani, ASQ, ambacho mtihani wake unaheshimika, hakikupi mkanda mweusi kwa kujibu maswali peke yake. Kinadai mradi uliokamilika kazini, na kiapo cha maandishi kwamba uliufanya. Yaani hata wenye mkanda wao wanataka kuona mikono. Kamati ya tathmini ya zabuni ile haikuuliza cheti kimetoka wapi. Iliona neno, ikaweka tiki.

Lakini hilo ni dogo. Jambo linaloniudhi hasa ni daftari.

Kila mashine ya kiwandani ina daftari, au ubao, au siku hizi kishikwambi, ambamo mwendesha mashine huandika ilisimama saa ngapi na kwa nini. Humo ndimo hutoka hesabu ambayo washauri wote huisujudia: ufanisi wa jumla wa mashine. Unachukua sehemu ya muda ambayo mashine ilikuwa tayari kufanya kazi, unazidisha kwa sehemu ya kasi yake ya kawaida iliyofikiwa, unazidisha kwa sehemu ya bidhaa zilizotoka nzima. Seiichi Nakajima, Mjapani aliyeieneza hesabu hiyo, aliweka lengo la asilimia 90 kwa ya kwanza, 95 kwa ya pili na 99 kwa ya tatu, ambazo zikizidishwa zinakaribia 85. Hesabu ni nyepesi, mtoto wa darasa la saba anaiweza. Ugumu upo kwenye namba zinazoingia, na namba hizo huandikwa na kijana wa shifti ya usiku ambaye ana sababu zote za kudanganya.

Najua kwa sababu nilikuwa yeye. Kabla ya kushika kalamu nilifanya shifti ya usiku miaka mitatu kwenye mashine ya kufunga vifuniko. Vifuniko vilikuwa vinateremka kwenye mfereji wa bati, na kila baada ya dakika chache kimoja kinageuka, kinakwama. Nilikuwa na kipande cha mti wa fagio. Nagonga mfereji mara mbili, kifuniko kinaanguka, safari inaendelea. Sekunde 40 hivi. Mara 60 kwa usiku mmoja, ndizo dakika 40 katika shifti ya dakika 480. Sikuandika hata moja. Ni mwezi wa kwanza tu niliandika. Asubuhi msimamizi akaniuliza mbele za watu kama nimekuja kufanya kazi au kulalamika. Tangu siku hiyo daftari langu likawa safi kama shuka la hoteli.

Sasa mlete mshauri mwenye slaidi. Atachukua daftari, ataliingiza kwenye kompyuta, naye ataona mashine haikusimama kabisa lakini chupa zilizotoka ni pungufu. Atahitimisha kwamba mashine imechoka na kasi imeshuka. Atapendekeza mota mpya, au mashine mpya. Mfereji wa bati wa elfu chache ambao ungenyooshwa kwa nyundo hautatajwa popote katika ripoti, kwa kuwa aliyekuwa na habari zake ni kijana mwenye mti wa fagio, na kijana huyo alipoona tai na viatu vinavyong'aa alisema, "Hakuna shida, bosi."

Mlete fundi wangu. Nimemwona akifanya kazi. Haulizi kitu kwanza. Anasimama kando ya mashine kama robo saa, mikono nyuma. Kisha anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha yake juu ya kasha la beringi, mpini anaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho. Beringi nzima, husema, huvuma kama nyuki wa mbali. Iliyoanza kufa hukwaruza kama mchanga chini ya kandambili. Akimaliza anamgeukia kijana: "Mti wako umeuficha wapi, mdogo wangu?" Kijana anacheka, anautoa. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza, na hapo ndipo namba za kweli zinapoanza kuandikwa. Kijana hawezi kumdanganya mtu ambaye naye aliwahi kuuficha wa kwake.

Hii si hisia ya mtu anayependa mafundi. Ndivyo elimu yenyewe ilivyojengwa. Taiichi Ohno, baba wa mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mhandisi humo kwa saa nyingi, aangalie tu. Nippondenso, kampuni ya kundi hilo la Toyota, ilitambuliwa mwaka 1971 kwa mpango wake wa matunzo ya mashine, na kiini cha mpango kilikuwa kumrudishia mwendesha mashine kazi ya kusafisha, kupaka mafuta, kukaza nati na kukagua mashine yake, badala ya kumwachia mtaalamu peke yake. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walipofungua upya kiwanda cha Fremont, California, kilichofungwa miaka miwili kabla kikiwa na sifa mbaya, waliwaajiri kwa sehemu kubwa wafanyakazi wale wale wa zamani. Mamia ya viongozi wa timu walipelekwa Japani, wakafundishwa kwenye laini na wenzao wa laini. Kiwanda kile kile, watu wale wale, na magari yakawa ya kuaminika. Tumechukua maarifa yaliyotoka sakafuni, tukayawekea masharti yanayomzuia mtu wa sakafuni kuyafundisha. Halafu tunalipa kwa dola.

Nikisema hivi naambiwa, "Basi huyo fundi akasome." Akiwa na miaka 51, magoti yakiuma, ada ya shahada ya uzamili ataitoa wapi, na akasome nini ambacho mashine haijamfundisha? Msituchezee. Fundi wa viwandani nchini hana ngazi. Akishindwa kupanda juu ya mtambo, njia yake ni kwenda nyumbani au kuchomelea mageti mtaani. Ukufunzi na ushauri ndiyo kazi aliyoiandalia mwili mzima kwa miaka 20, na ndiyo kazi tuliyoifunga kwa kufuli la karatasi. Wala hatuwezi kusema hatujui namna ya kumpima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anafanya kazi mbele ya mtathmini, anapimwa kwa anachokifanya. Kiwanda kile kingeweza kuwapa waombaji wote saa tatu mbele ya mashine mbovu, na kijana wa shifti pembeni wa kufundishwa. Haihitaji kurasa 14.

Mafunzo yenyewe ya kiwanda kile yalikwisha wiki mbili zilizopita. Siku tatu, ukumbini, na chakula cha mchana. Kisha mshauri akatakiwa kuandika ripoti na akagundua kwamba takwimu za kiwanda hazitoshi. Mtu akamwambia yupo fundi wa zamani aliyekuwa akiweka daftari lake mwenyewe, la pembeni, la miaka yote saba. Akapiga simu, akaja Mbagala kwa fundi na gari lake, akaamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akaomba alipige picha.

Fundi akampa. Ni madaftari mawili, kwa kweli: moja la mashine zilipokufa kabisa, na jingine jembamba, la visimamo vidogo vidogo, vya sekunde 40 na vya dakika moja. Alimpa la kwanza. La pili lilikuwa mezani hapo hapo, chini ya bakuli la karanga, na mshauri hakuliuliza.