Filamu ya muuza makala ilipaswa kuanzia kwetu

Naomba nianze kwa kukiri jambo. Kwa miaka mingi nilizikimbia zile filamu ambazo wasomi huziita za sanaa. Niliamini zimetengenezwa kwa ajili ya watu walioshiba. Mtu anatembea dakika tano nzima, hakuna anayemkimbiza, hakuna anayempiga, kisha anakaa chini na kunywa maji. Mimi nimetoka kazini nimechoka, nitazame mtu mwingine akinywa maji?

Sisi tuliokulia Goma kabla ya kurejea mwaka 1994 tulilelewa na vibanda vya video. Tulisimama nyuma kwa sababu viti vilikuwa vya wakubwa, tukatazama karate na filamu za Kihindi hadi tukajua nyimbo zake bila kujua maana. Tulipohamia huku Mbugangari tukakuta mambo yale yale, baadaye yakaja na agasobanuye, yaani mfasiri anayesema juu ya sauti ya filamu. Marehemu Yanga alikuwa bingwa wa kazi hiyo nchi nzima. Simdharau hata kidogo. Aliweza kumfanya askari wa Kimarekani aongee kama kijana wa Nyamirambo, na watu wakacheka hadi machozi. Lakini mfasiri wa aina hiyo hawezi kunyamaza. Akinyamaza sekunde kumi, wateja wanadhani umeme umekatika.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, anayeishi Brussels, alikuja kutusalimu akaniachia flashi yenye filamu tatu. Moja inaitwa Makala. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia jina hilo atadhani ni maandishi ya gazetini kama haya. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa. Makala ni yale tunayopikia, yale yanayoshuka kwa magunia kutoka Masisi na Rutshuru, yale yanayotia weusi kwenye kucha za mama zetu.

Filamu hiyo ilitengenezwa na Mfaransa, Emmanuel Gras, na mwaka 2017 ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Inamfuata kijana anayeitwa Kabwita, wa kijiji kilicho mbali kidogo na Kolwezi, kule Katanga. Anaukata mti mkubwa kwa shoka. Anafukia magogo, anayachoma, anajaza magunia. Kisha anayapanga juu ya baiskeli hadi yanampita kimo, na kuanza kuisukuma kwa mguu kiasi cha kilomita 50 kwenda mjini. Habari yenyewe ni hiyo tu. Malori yanampita yakimwachia vumbi. Gari linaiangusha baiskeli yake. Njiani wapo wanaume wanaodai chochote ndipo apite. Ndoto yake ni kununua mabati aezeke nyumba ya mke wake na watoto.

Niliiweka jioni moja kwenye kompyuta nyuma ya butiki yangu. Walikuwepo vijana wawili wanaonisaidia na jirani yangu, mama anayevuka Petite Barrière na sambaza tangu sijaoa. Vijana walivumilia dakika ishirini wakaenda kuangalia mpira. Mama alibaki. Alikuwa na lake la kusema kila wakati. Kijana alipopanga magunia alisema lile la kushoto litamsumbua. Alipofika mjini na wanawake wakaanza kumpunguzia bei bila huruma, mimi nilikuwa namwonea huruma yeye. Mama alikuwa upande wa wanunuzi! "Wanajua kazi hao," akasema. "Na mimi ningempa hiyo hiyo."

Lakini katikati ya safari, pale baiskeli inapokwama na kijana anahema peke yake, aliniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu hadi leo: "Mwanangu, huyu anayepiga picha, mikono yake haina kazi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba mpiga picha wa namna hiyo hapaswi kuingilia, kwamba akisukuma baiskeli basi tutakachokiona si maisha ya Kabwita tena. Alinisikiliza kwa heshima. Hakukubali. Na nikisema kweli, nami sikukubaliana na maneno yangu mwenyewe kwa asilimia mia.

Sasa nieleze kwa nini filamu ile haikunitoka kichwani. Baba yangu alikuwa akisukuma baiskeli yenye maharage kutoka Sake hadi Goma. Aliondoka usiku, akarudi kesho yake. Tulikuwa watoto, tulichojua ni kwamba akirudi hasemi. Anakaa ukutani, ananyoosha miguu, anatazama mbele. Mama yetu alitukataza kumsogelea. Nilikua nikiamini kwamba baba hakutupenda sana, na alipofariki nililia kama mtoto anayemlilia mtu asiyemfahamu vizuri. Ilibidi Mfaransa aende Katanga na kamera, na ile "polepole" niliyokuwa naikimbia ichukue dakika zake zote, ndipo nielewe kwamba mtu aliyesukuma mzigo siku nzima hana maneno yaliyobaki. Hakuna mfasiri ambaye angenionyesha hilo, maana angeujaza ukimya ule kwa utani.

Filamu ya pili ni ya zamani, ya Italia, ya mwaka 1948, ya Vittorio De Sica, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Wezi wa Baiskeli. Mtu amepata kazi ya kubandika mabango kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani ili waikomboe ile waliyoiweka rehani. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Yeye na mwanawe mdogo wanaisaka katika masoko ya Roma ambamo baiskeli zimefunguliwa na kuuzwa vipande vipande: kengele huku, ringi kule. Nani hapa mpakani anahitaji kuelezwa soko hilo? Aliyeigiza baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na inaonekana. Mwishoni baba mwenyewe anajaribu kuiba, anakamatwa mbele ya mtoto wake. Nilisimamisha pale nikatoka nje kidogo.

Ya tatu, Munyurangabo ya mwaka 2007, ilipigwa hapa kwetu Rwanda kwa Kinyarwanda na Lee Isaac Chung, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Waliorejea waitafute. Kijana anarudi nyumbani baada ya miaka mitatu. Mama anafurahi, baba anamtazama kama mgeni, na rafiki aliyekuja naye hatakiwi kwa sababu ya kabila lake. Wengi wetu tulirudi tukidhani kurudi ni kuvuka mpaka tu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Katika Makala watu wanaongea Kiswahili. Cha Katanga, ndiyo, kina vionjo vyake, lakini jirani yangu hakuhitaji mtu wa kumsaidia. Mzungu wa Paris alilipa tiketi akasoma maandishi chini ya picha ili aelewe lugha yetu. Sisi wenye lugha tumeipata kwa bahati, kwenye flashi, miaka kadhaa baadaye. Na mwaka huo huo wa 2017 ndipo Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi ni ya kusomea fomu tu, au hata ya kujitazama?

Nilimpelekea mwenye ukumbi mmoja wa karibu. Ni kijana mstaarabu, akaiangalia kidogo, akanirudishia. "Mzee, nikiweka hii watanidai faranga zao." Simlaumu. Analipa umeme, analipa kodi, anaishi kwa mpira wa Ulaya. Hapa natofautiana na wanaosema wenye kumbi ndio wameharibu ladha ya vijana. Mwenye biashara anauza kinachonunuliwa, kama mimi na sabuni zangu.

Lakini lisilowezekana kwake linawezekana kwa wengine. Tangu mwaka 2005 tamasha la filamu la Rwanda, lile lililopewa jina la Hillywood, limekuwa likibeba skrini ya kujazwa upepo hadi milimani na kuwaonyesha wanakijiji filamu bure. Ng'ambo ya pili, Yole!Africa ya Goma imefundisha vijana kutengeneza filamu zao na kuzionyesha. Kwa hiyo ujuzi upo pande zote mbili. Wilaya yetu ina uwanja wa Umuganda. Parokia na misikiti zina kumbi. Jioni moja kwa mwezi, bila kiingilio, saa ambayo wafanyabiashara wamekwisha kurudi na kuhesabu hela zao. Filamu za Kiswahili na Kinyarwanda kwanza. Ile ya Kiitaliano isomewe na mtu mwenye adabu, anayejua wakati wa kunyamaza. Na wanaokuja kutupiga picha hapa mpakani, ambao si wachache, wapewe sharti moja kabla ya kibali: wakimaliza, warudi waonyeshe hapa hapa, walikopigia.

Wapo watakaosema mama wa sambaza hana muda wa dakika 96 za mtu kusukuma baiskeli. Wa kwangu alikuwa nao. Juzi alipita dukani kuchukua chumvi, akaniuliza kama yule kijana aliezeka nyumba. Nikamwambia aliuza magunia, bei ya mabati ikamshinda, na filamu inaishia kanisani usiku, haisemi zaidi.

"Basi huyo mtoto wa dada yako wa Brussels awaulize wenyewe," akasema. "Mvua inanyesha kule pia."

Nimemwandikia. Bado sijajibiwa.