Upote wa Upinde Nao Una Mizani Yake



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyekipa kila kitu kipimo chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ijumaa ya leo nakusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi yetu hapa Bariadi wataliona dogo, nalo ni urefu wa upote, yaani ule uzi wa upinde. Nalizungumza kwa kuwa limemuumiza kijana wetu mmoja, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba dhamana juu yake.

Vijana wa madrasa yetu walipewa zawadi ya upinde wa michezo, wa aina ile ambayo ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele. Ulikuwa na urefu wa inchi 66, na ulikuja bila upote. Tukaagiza upote kutoka mji wa mbali. Muuzaji akatuletea wenye urefu wa inchi 64, akasema kwamba kamba ni kamba na inchi mbili hazina neno. Sisi nasi hatukupima. Kijana wa kwanza alipoachia mshale, upote ukamchapa kigashani. Tukamwambia ajikaze, naye kwa adabu yake akajikaza. Alipoachia mshale wa tatu ngozi ilikuwa imechubuka na mkono umevimba. Jioni mama yake alinijia, akaniuliza swali moja tu: "Ustadhi, mlipima?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, kulenga shabaha si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Uqba bin Aamir (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa juu ya mimbari, aliisoma Aya ya 60 ya Suratul Anfal inayoamrisha kuandaa nguvu, kisha akaeleza kuwa nguvu hiyo ni kutupa mishale, na akalikariri neno hilo mara tatu. Waislamu waliokuja baadaye waliifanya kazi hiyo kuwa elimu. Katika karne ya 14, enzi ya Wamamluki, Taybugha alitunga utenzi mzima wa kufundisha upigaji upinde, na Istanbul ulikuwapo uwanja wa Okmeydani uliotengwa kwa ajili ya wapiga mishale. Pinde za watu hao zilikuwa za pembe, mti na kano, na ncha zake zilikunjwa mbele. Kwa hiyo upinde tuliopewa sisi ni wa ukoo wa zamani.

Wala si jambo geni kwa watu wa Simiyu. Mkoa wetu uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Shinyanga na Mwanza, lakini upinde uliwatangulia wakuu wa mikoa wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, sungusungu walitoka na pinde na mishale kulinda mali zao. Upande wa Meatu, kuelekea Bonde la Eyasi, Wahadzabe wanajulikana kwa pinde zao zenye pote za kano za wanyama.

Hapa ndipo lilipojificha kosa letu. Upinde wa jadi ni mti mmoja ulionyooka. Mzee huufunga upote kwa fundo kwa mkono wake, na akiuona umelegea hulifungua fundo akaukaza. Jicho lake ndilo kipimo chake. Upinde wa ncha zilizokunjwa haufungwi hivyo. Upote wake una vitanzi viwili vilivyokwisha kusokotwa, na urefu wake umeamuliwa kabla haujafika mkononi mwako. Ukikosea wakati wa kununua, hakuna fundo la kukuokoa.

Basi kanuni ni ipi? Kwa upinde wa ncha zilizokunjwa, upote wenyewe huwa mfupi kuliko upinde kwa inchi 4 hivi. Kwa upinde mrefu ulionyooka wa viwandani, hupungua kwa inchi 3. Upinde wa inchi 68 huhitaji upote wa 64, na ule wetu wa 66 ulihitaji 62. Urefu wa upinde kwa kawaida huandikwa kwenye mkono wake wa chini, pamoja na uzito wake wa kuvuta kwa ratili. Maandishi yakiwa yamefutika, pima upinde ukiwa haujatiwa upote, utepe ufuate mkunjo kutoka mfuo wa ncha moja hadi mfuo wa ncha ya pili, kisha utoe hizo 4. Tahadhari na namba iliyo kwenye pakiti: watengenezaji wengine huandika urefu wa upinde unaofaa, wengine huandika urefu wa upote wenyewe. Uliza kabla ya kulipa.

Ukishautia, pima nafasi iliyopo kati ya upote na kishikio. Kwa upinde wa inchi 66, wengi huanzia kati ya inchi 8 na 9, lakini agizo la mtengenezaji ndilo la kufuatwa. Upote ukiwa mrefu mno, nafasi hiyo hupungua na mkono huchapwa. Unaweza hata kuchopoka kwenye mfuo. Ukiwa mfupi mno, upinde hukazwa kupita kiasi na mbao zake huteseka. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kuusokota upote zaidi ili ufupike, au kuulegeza ili urefuke. Tofauti ya inchi mbili haiponi kwa kusokota; upote utajikunja vifundo tu. Upote mpya wa dakroni hurefuka kidogo, basi piga mishale kadhaa kisha upime tena. Na kama upinde ni wa zamani, usiutie pote za kisasa zisizovutika, kwani huweza kupasua ncha zake.

Najua atatokea wa kusema: "Ustadhi, watu wanalilia mvua na bei ya pamba, wewe unatuhubiria kamba?" Namjibu ndugu yangu huyo kwa pamba hiyohiyo. Sisi ni mkoa wa pamba. Hakuna mkulima hapa asiyejua uchungu wa mizani isiyo sawa. Allah ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, kuwaonya wanaopunja vipimo. Je, onyo hilo ni la muuza pamba peke yake? Anayemwuzia mtoto upote usio wake, akijua kuwa si wake, amepunja. Na mwalimu anayempa mtoto chombo asichokipima, naye hana cha kujitetea. Mtume (S.A.W.) alimwagiza mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale ashike machembe yake ili asimjeruhi mtu. Ikiwa mshale uliotulia mkononi umewekewa adabu, sembuse upote uliovutwa?

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Muuzaji asitoe upote kabla ya kuuliza urefu na aina ya upinde. Mwalimu awe na utepe wa kupimia, akague upote kila siku ya mazoezi, na asimruhusu yeyote kuachia upinde mtupu usio na mshale, kwani huvunjika. Mzazi naye aulize kama alivyouliza mama yule, wala asione haya mbele ya kilemba cha ustadhi. Tena vijana waelewe kuwa huu ni mchezo wa shabaha. Mtume (S.A.W.) alikataza kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha, na kuwinda bila kibali, iwe katika Pori la Akiba la Maswa au penginepo, ni kosa kisheria.

Mkono wa kijana wetu umepona, Alhamdulillahi. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi yeye na mama yake. Upote wa inchi 62 umefika, na safari hii aliyeupima ni yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimeshika ncha ya pili ya utepe.

Wabillahi tawfiq.