Madhara ya mafuta yapimwe kwa vizazi, si kwa mizoga

 Ijumaa hii tuwazungumzie wasio na ulimi wa kushitaki: wanyama majike, na madhara wanayoyapata kutokana na mafuta ghafi na mazao yake.

Apitaye Gerezani na mitaa inayopakana na soko la Kariakoo anaijua oili chafu. Humwagwa kutoka katika injini za magari na pikipiki. Nyingine hupakwa mbao zisiliwe na mchwa, nyingine huishia mtaroni. Mitaro ya upande wa Jangwani hushuka katika Bonde la Msimbazi, ambako mbuzi hula na kuku huchakura. Wapo pia wafugaji wanaowapaka mifugo oili hiyo kama dawa ya upele na kupe. Mnyama hafi siku hiyo, basi watu husema hakuna neno.

La hasha, neno lipo. Ndani ya mafuta ghafi mna kemikali za sumu, mojawapo ikiitwa benzopireni, na kemikali za jamii hiyo huongezeka katika oili ya injini kadiri inavyotumika. Huingia mwilini kwa chakula, kwa pumzi na kwa ngozi. Majaribio yaliyofanywa kwa panya tangu miaka ya 1970 yameonyesha kuwa benzopireni huharibu vijiyai vichanga ndani ya ovari. Navyo vijiyai hivyo ni akiba ambayo jike huzaliwa nayo. Ikipotea, haijazwi tena. Mnyama anaweza kunenepa na manyoya yake yakang'aa, ilhali kizazi chake kinateketea.

Kwa ndege hali ni nzito zaidi. Majaribio ya mayai ya bata yalionyesha kuwa mafuta ghafi yasiyofika hata tone moja, yakipakwa juu ya ganda, hupenya na kukiua kiinitete. Ndege aliyechafuka manyoya kwa mafuta, akiatamia, huwaua watoto wake kwa kifua kile kile anachowapa joto.

Mwaka 2010 mafuta ghafi yalivuja katika Ghuba ya Mexico kutoka kisima cha mtambo wa Deepwater Horizon. Wataalamu waliwafuatilia pomboo walionusurika katika ghuba ya Barataria, Louisiana. Kati ya majike 10 wenye mimba, 2 tu ndio waliopata mtoto aliyeishi. Kwa pomboo wa Sarasota, Florida, waliotumiwa kuwa kipimo cha kulinganishia, mimba 83 katika kila 100 zilileta mtoto hai. Aliyehesabu mizoga ya ufukweni peke yake hakuiona hasara hii.

Tusidhani hayo ni ya Marekani tu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati yake zimo nchini mwetu, likipita katika mikoa ya wafugaji kama Tabora, Singida na Manyara. Kuku wa Singida ni chakula cha Kariakoo. Hatusemi kuwa bomba litavuja. Tunasema kwamba, likivuja, fidia isihesabu ng'ombe waliokufa tu, kwani mwenye ng'ombe aliyekuwa tasa atabaki mikono mitupu mbele ya mnyama aliye hai. Idadi ya wanaozaliwa na mimba zinazoharibika katika vijiji vya njiani inapaswa kuandikwa mapema, ili pawepo cha kulinganisha.

Dini yetu haikulisahau jambo hili. Mafakihi wamemzungumzia jallala, mnyama alaye uchafu, kwamba azuiwe na kulishwa chakula safi kabla ya kuliwa nyama yake au kunywewa maziwa yake. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kuchafua mapito na maji ya watu. Ikiwa haja ndogo imekatazwa katika maji yaliyotuama, itakuwaje galoni la oili?

Fundi atasema kuwa yeye ni maskini na hana pa kuipeleka. Hoja yake ina uzito. Kwa hiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, yenye eneo la Kariakoo, iweke mapipa ya kukusanyia karibu na gereji na kuyaondoa kwa wakati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka msingi kwamba mchafuzi hulipa; itumike kwa gereji kubwa kabla ya kumwendea fundi wa chini ya mwembe. Mfugaji naye aache kupaka oili, amwendee bwana mifugo apate dawa ya josho.

Mnyama ni amana, na mimba yake ni amana ndani ya amana. Tutaulizwa kuhusu waliokufa mikononi mwetu, na kuhusu wale tuliowazuia kuzaliwa.