Masika, Mikono ya Mtoto na Kazi ya Mwalimu

Miongoni mwa masomo ambayo mwalimu mwanafunzi huyatayarisha kwa haraka na kuyafundisha kwa unyonge, somo la kazi za mikono ndilo la kwanza. Somo hili limepewa majina mengi kadiri mihtasari ilivyobadilika: kazi za mikono, sanaa na ufundi, stadi za kazi, lakini hali yake darasani haijabadilika sana. Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni yetu juu ya sehemu moja tu ya somo hilo, nayo ni kazi ambazo mtoto aweza kuzifanya nyumbani kwao kwa vitu vya asili, hasa wakati wa masika. Tunaamini kwamba kazi hizo zitafaulu ikiwa mwalimu ataanza na kile kilichopo mlangoni mwa mtoto, wala si na kile kinachouzwa dukani.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwezi wa Aprili, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la tatu tukiangalia somo la mwanachuo wetu mmoja. Alikuwa amechukua katika kitabu cha kigeni, kilichokuwamo katika maktaba ya chuo, maelekezo ya kutengeneza maua ya majira ya kuchipua. Siku mbili kabla ya hapo watoto waliagizwa waje na karatasi ya manila, gundi na kalamu za rangi. Waliokuja navyo walikata na kubandika maua ya manjano ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuyaona. Wasiokuwa navyo, watoto 14, walisimamishwa ukutani. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Mmoja wa wale waliosimama alikuwa ameficha mfukoni ng'ombe mdogo wa udongo aliyemfinyanga njiani. Udongo ulipochafua sare yake, aliamriwa akamtupe ng'ombe huyo nje. Somo lile lilikwenda sawasawa na andalio, nasi tuliokuwa tumelisahihisha andalio hilo tulimpa mwalimu yule alama nzuri. Hatukuuliza lolote juu ya ng'ombe.

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo hilo. Ada ya shule za msingi za serikali ilikwisha kufutwa tangu mwanzoni mwa karne hii. Mwalimu anayemwagiza mtoto manila na gundi huirudisha ada hiyo kwa jina jingine, na anayeshindwa kuilipa ni yuleyule aliyekuwa akishindwa zamani. Zaidi ya hayo, mtoto hufundishwa kwamba kitu kizuri ni kile kilichonunuliwa, na kwamba alichokiumba kwa vidole vyake ni uchafu wa kutupwa.

Hatusemi kwamba kitabu kile kilikuwa kibaya. Huko Ulaya, baada ya miezi ya baridi ambayo miti mingi husimama mitupu, majani na maua hurudi kati ya Machi na Mei, na mtoto hutoka nje kuokota anachokiona. Kazi za majira hayo zina maana kwake kwa sababu zimo uani mwa nyumba yao. Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani aliyefungua mwaka 1837 huko Bad Blankenburg kituo chake cha malezi ya watoto wadogo, aliweka kusuka, kukunja karatasi na kufinyanga udongo miongoni mwa shughuli za watoto, kwa kuamini kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Tukitaka kumfuata Froebel, yatupasa tuichukue kanuni hiyo na kuyaacha maua ya nchi yake. Nasi hapa Tanzania tulikumbushwa jambo lililo karibu na hilo mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akionya juu ya elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii anamoishi.

Majira yetu ya kuchipua ni masika. Katika sehemu nyingi za pwani na kaskazini mvua hiyo hunyesha kati ya Machi na Mei. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, mvua huanza mapema zaidi, karibu na Desemba, na kuendelea hadi Aprili. Popote iwapo, ardhi hulainika, mbegu huota, na kila ua wa nyumba hujaa vitu vya kutengenezea. Tutazitaja hapa kazi tatu tu.

Kazi ya kwanza ni kufinyanga. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na methali hii tumezoea kuitumia kwa malezi tukasahau kwamba inahusu udongo kweli. Mtoto achimbe chini ya tabaka la juu lenye mizizi, achukue udongo unaonata. Aujaribu kwa kuuviringisha kama kamba na kuuzungusha kidoleni: ukikatika, una mchanga mwingi, ukipindika bila kupasuka, unafaa. Aondoe mawe na mizizi, aukande mpaka ulainike. Anapomfinyanga ng'ombe, ni heri avute miguu na pembe kutoka katika donge lilelile, maana vilivyobandikwa tu huanguka vikikauka. Kama hana budi kubandika, akwaruze pande zote mbili na kuzipaka uji wa udongo. Kisha kazi ikauke polepole kivulini kwa siku kadhaa, kwa sababu jua kali hukausha nje kabla ya ndani, na kitu hupasuka.

Katika vijiji vingi yupo bibi au shangazi anayeyajua haya kuliko sisi wenye stashahada. Kwa hiyo mtoto apewe swali la kumpelekea: kwa nini wafinyanzi huchanganya udongo na vigae vilivyosagwa? Jibu atakalorudi nalo, kwamba vigae hupunguza kusinyaa na kupasuka, ni somo la sayansi lililofundishwa jikoni na mtu ambaye huenda hajapata kuulizwa jambo lolote na shule.

Kazi ya pili ni chapa za majani. Mtoto aokote majani ya aina mbalimbali, ayalaze juu ya ubao mishipa ikielekea juu, ayafunike kwa ukurasa wa daftari lililokwisha, kisha asugue taratibu kwa ubavu wa kipande cha mkaa. Mishipa ya jani itajitokeza yenyewe. Ataona kwamba mistari ya jani la mhindi huenda sambamba, na ya jani la mharage hufanya mtandao. Kesho yake mwalimu ang'oe mche mmoja wa kila aina na kuwaonyesha watoto kwamba mizizi nayo hutofautiana: mhindi una mizizi mingi mfano wa nyuzi, mharage una mzizi mkuu. Mtoto aliyeichora mishipa hiyo kwa mkono wake hatahitaji kukaririshwa.

Kazi ya tatu ni kusuka na kufunga. Hapa kila mahali pana mali yake. Mtoto wa pwani atatengeneza bangili, mpira au kititia cha kuzungushwa na upepo kwa ukuti mbichi wa mnazi. Mtoto wa Kagera au Kilimanjaro atasokota kamba na kufunga mpira kwa majani makavu na nyuzi za mgomba. Mtoto wa Dodoma ataunda gari kwa mabua makavu ya mtama yaliyobaki tangu mavuno yaliyopita. Asikate yaliyo mabichi shambani mwa watu. Penye wasusi wa mikeka, mtoto aanze na miyaa mitatu, kisha minne, ndipo ajaribu ukili mpana. Faida ya kusuka ni kwamba mwaa mmoja ukipitishwa pasipo pake, kosa huonekana mara moja, na mtoto hufumua na kurudia bila kungoja kalamu nyekundu ya mwalimu.

Zipo tahadhari ambazo mwalimu hana budi kuzitaja kabla ya kuwaruhusu watoto kwenda nyumbani. Mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watoto hupenda kuzitunga kama shanga, zina sumu kali. Mbegu za mnyonyo nazo vivyo hivyo. Utomvu wa mnyaa huumiza macho. Udongo usichimbwe kwenye kingo za mto uliofurika wala kwenye mashimo yaliyojaa maji. Tena tukumbuke kwamba masika ni wakati wa palizi, na watoto wengi wana kazi za kutosha nyumbani. Kazi tunayoitoa iwe ndogo, na ipewe juma zima. Wavulana wasuke na wasichana waunde magari wakitaka. Mwisho, mwalimu awaombe wazazi waeleze na kuonyesha, lakini mikono iwe ya mtoto. Ng'ombe mwenye miguu iliyopinda aliyefinyangwa na mtoto ana thamani kubwa kwetu kuliko mzuri aliyefinyangwa na baba yake.

Tunajua kwamba hoja hii itapingwa. Wapo wazazi wasemao kwamba hawakumpeleka mtoto shuleni ili achezee matope, na wapo walimu wasemao kwamba kufinyanga hakuulizwi katika mtihani. Kwa wazazi, jibu zuri ni kuwaonyesha. Kazi zikirudi shuleni, kila mtoto asimame na kueleza kwa sentensi tatu au nne alichokitengeneza, alikipata wapi na kimemshinda wapi. Mzazi atakayemsikia mtoto wake wa darasa la pili akieleza kwa Kiswahili fasaha namna ya kuukanda udongo hatauita tena mchezo. Kwa walimu, tunawakumbusha kwamba vidole vinavyosuka ndivyo vinavyoshika kalamu, na kwamba kuhesabu miyaa, kupima na kulinganisha ni hesabu, hata kama hakuna namba ubaoni.

Ewe mwalimu mwanafunzi, utakapopangiwa shule, zunguka kijiji kabla ya kuandika azimio la kazi. Tazama kinachoota, uliza ni nani anayefinyanga na ni nani anayesuka, nawe ujifunze kwao kwa heshima. Usiagize kitu ambacho hata mtoto mmoja atalazimika kukinunua. Nasi wakufunzi, tutakapokaa nyuma ya darasa lako masika yajayo, yatupasa tutazame kwanza kama kila mtoto ana kazi mikononi mwake, ndipo tulifungue andalio la somo.