Sifa za Ukuta Imara

Ipo sifa moja ambayo Watanzania tumemtunukia Mjerumani kwa ukarimu mno: kwamba alijenga imara. Hapa Singida husikika kila yanapotajwa maboma ya Kilimatinde na Mkalama, au reli ya kati inayopita Manyoni. Hufuatiwa na ulinganisho wa haraka na darasa la juzi ambalo kuta zake zimekwisha kupasuka. Sifa hiyo si ya uongo. Lakini ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Kilimatinde kilikuwa kituo cha kijeshi. Unene wa kuta za maboma ya namna hiyo ulikuwa kinga ya watu wachache waliotawala wengi bila ridhaa yao. Kodi ya kibanda, iliyotangazwa mwaka 1897, ilimlazimu mkulima kutafuta fedha za mkoloni au kulipa kwa nguvu za mwili wake. Ukuta hudumu na jina la aliyeamuru ujengwe. Jina la aliyebeba mawe hupotea. Ndiyo maana tukiutazama ukuta tunamwona fundi, hatumwoni mtawala.

Huko Ujerumani alama zilezile zimezaa mtazamo mwingine. Sanamu ya gavana Hermann von Wissmann iliyosimama Dar es Salaam iling'olewa na Waingereza baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Mwaka 1922 ikasimikwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Mjini Berlin, mtaa wa Petersallee ulipewa jina la Carl Peters, yule aliyekusanya mikataba ya hila Usagara mwaka 1884. Mwaka 1986 wakuu wa mji walitafuta njia rahisi: jina likabaki, ila likahesabiwa kuwa la Peters mwingine. Wanaharakati hawakuridhika. Agosti 2024 sehemu ya mtaa huo ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Hivyo basi, Mjerumani mwenye kuijua historia hiyo hututazama kwa aibu, nasi tunamtazama kwa sifa. Mazungumzo ya namna hii hayakutani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea kwa ukatili wa Vita vya Maji Maji, ambavyo makadirio ya vifo vyake hufika watu 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Je, sisi tunaoombwa msamaha tunajua tunasamehe nini?

Swali hili si la wanahistoria peke yao. Mabaki ya wazee wetu yangali katika makumbusho ya Ujerumani, na kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, kingali kikitafutwa na wajukuu zake. Madai ya kurejeshewa na kufidiwa hupimwa kwa uzito wa kumbukumbu ya mdai. Taifa linaloukumbuka ukoloni kwa ubora wa saruji litapewa miradi ya saruji, kisha faili lifungwe.

Singida tuna pa kuanzia. Uwanja wa mpira wa mjini kwetu unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Maelfu hulitamka jina hilo siku ya mechi. Ni wangapi wanaweza kulieleza?

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa halmashauri, kila boma na liwe na ubao unaoeleza lilijengwa kwa amri ya nani, kwa jasho la nani, na nini kilitendeka ndani yake. Wanafunzi, waandikeni wazee wa Mkalama na Manyoni kabla hawajaondoka na walichosimuliwa na baba zao. Tusiyabomoe maboma. Tuyafanye yatoe ushahidi.