Injini Iwe ya Mwisho

Kila masika yanapoingia, katika mbuga za udongo mweusi na katika njia zinazopanda milima ya Usambara na Uluguru, hurejea swali lile lile mbele ya wenye pikapu kuukuu zinazosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma peke yake: je, yafaa gari hili ligeuzwe likavute kwa magurudumu yote manne, na papo hapo litiwe injini nyingine yenye nguvu zaidi? Swali hili si la anasa. Mtu mwenye Toyota Hilux ya miaka ya themanini au ya tisini, ambayo kabini yake ingali imara na kadi yake haina doa, aghalabu hana fedha za kununua nyingine ya magurudumu manne. Wala soko la ng'ambo halimfai sana, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada juu ya gari la umri huo. Basi hubaki na gari lake, na fundi wake, na shehena ya kabichi au viazi ambayo haingoji barabara ikauke.

Mimi ni katika wale waonao kwamba kazi hii ni halali, tena ni ya heshima, na kwamba mafundi wetu wanayo maarifa ya kuitimiza. Lakini naona pia, na ndilo lililonishikisha kalamu, kwamba inapoharibika huharibika kwa sababu moja kuliko zote, nayo ni kuanzia mwisho: injini hununuliwa kwanza, hufungwa kwanza, na kulipiwa kwanza, kisha ekseli, chesisi, usukani na breki hugawana masalio ya fedha na masalio ya subira.

Shauku ya injini si ajabu, maana injini husikika, na hutajika barazani. Aidha jamii ya injini za L za Toyota imerahisisha sana tamaa hiyo, kwa kuwa 2L yenye sentimita za ujazo 2,446, na 3L ya 2,779, na 5L ya 2,986, zote hushikana na gia boksi za namna moja na kukaa juu ya misingi ile ile, hata fundi mwenye winchi na wasaidizi wawili huweza kuishusha moja na kuipandisha nyingine bila kulehemu kitu. Lakini natupime faida yake kwa insafu. Atokaye katika 2L kwenda 5L ameongeza ujazo kwa kadiri ya 22 katika 100. Gia ndogo ya transfa, yaani ya boksi ligawalo nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, katika Hilux nyingi za enzi hizo, ni 2.28 kwa 1, maana yake nguvu ya kuzungusha ifikayo magurudumuni huzidishwa zaidi ya maradufu kwa injini ile ile ya zamani, bila kuongeza hata bomba moja la mafuta. Mtu aliyezama matopeni na magunia ya viazi, au anayeteremka mteremko mkali akitaka injini imzuie badala ya kuchoma breki, haja yake imo ndani ya transfa, wala si katika silinda. Na yule atamaniye 1KZ-TE, injini ya tabo ambayo pampu yake huamrishwa na kompyuta, ajue kwamba hapo habadili injini moja, bali anabadili waya, rejeta, klachi na mfumo mzima wa kupoza.

Tena kuna sababu ya kiufundi hasa ya kuiweka injini nyuma ya mengine. Mahali pa injini huamuliwa na ekseli ya mbele, si kinyume chake. Ekseli nzima ya chuma inapopita chini ya injini, sampu ya mafuta ya pikapu ya magurudumu mawili huwa haina nafasi tena, nayo ni lazima ibadilishwe kwa sampu iliyochongwa kuipisha ekseli. Gia boksi nayo yahitaji ile yenye mkia wa kupokea transfa. Na tundu la transfa litoalo nguvu mbele lazima liwe upande ule ule ilipo difu ya ekseli ya mbele, ama sivyo propela haitapata njia. Aliyekwisha kufunga injini kabla ya kuyajua haya ataifungua tena.

Tuanzie basi chini, penye ekseli mbili, na hapa naomba msomaji anisubiri, kwa maana ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea kwa jambo dogo. Katika magari haya transfa ikisha kufungwa, shafti ya mbele na shafti ya nyuma huzunguka pamoja kwa mwendo mmoja, na hakuna difu ya katikati ya kuzisuluhisha. Tuseme ekseli ya nyuma, iliyotoka na gari kiwandani, ina difu ya uwiano wa 4.10, na ya mbele, iliyopatikana kwa muuza vipuri vya mtumba, ni ya 4.30. Kwa macho hazipambanuki. Zote zimepakwa tope na mafuta yale yale. Lakini gurudumu la nyuma linapokwenda kilomita moja, la mbele hutaka kwenda mita 953 tu, na mita zile 47 zilizobaki hazina pa kwenda. Matopeni tairi huteleza na ugomvi ukapungua. Katika ardhi kavu hakuna utelezi, na ugomvi wote hubebwa na propela, na misalaba yake, na meno ya transfa, mpaka kigingi cha transfa kikagoma kutoka katika gia, na dereva akadhani kwamba fundi alimuuzia transfa mbovu.

Ithibati ya jambo hili haitaki mtambo wa gharama; kipande cha chaki chatosha. Gari husimamishwa pahali sawa, gia huachwa huru, gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki na jingine hutiwa kabari lisitoke. Alama ya chaki hupigwa juu ya tairi lililo hewani, na nyingine juu ya propela, kisha mtu mmoja hulizungusha tairi mara ishirini kamili na mwenzake aliyelala chini ya gari huhesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 41, difu ni ya 4.10, ikizunguka mara 43, ni ya 4.30. Hesabu hii yafanyika hata kwa ekseli iliyolala sakafuni mwa duka la vipuri, mguu mmoja ukiwa umezuiwa, kabla noti haijatoka mfukoni. Mnunuzi ambaye muuzaji wake anamkataza kuhesabu, na aende duka la pili.

Breki zataka maneno yake pia. Pikapu nyingi za namna hii zina vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayoungana na ekseli hiyo, ambayo hupima jinsi gari lilivyodidimia kwa mzigo: gari likishuka kwa uzito, vali huruhusu breki za nyuma zipate msukumo zaidi, gari likiinuka kwa wepesi, vali huupunguza msukumo huo ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza. Hebu fikiri yanayotokea fundi anapoliinua gari kwa springi ndefu za majani ili lipite juu ya mawe, asiirekebishe fimbo ile. Vali huamini kwamba gari ni tupu siku zote. Pikapu hupakia tani yake, na watu juu ya tani hiyo, ikashuka mlimani kwa breki za nyuma zilizopunguzwa nguvu, na dereva hahisi upungufu mpaka siku atakapokanyaga kwa haraka. Fimbo hiyo hurekebishwa kwa bano jingine la chuma na saa chache za kazi. Kuisahau ni taksiri ambayo siwezi kuiita bahati mbaya.

Habari ya usukani nitaipita upesi kwa kuwa haina mjadala: tairodi iliyokatwa na kuungwa kwa kulehemu isifungwe katika gari lolote la watu. Vitu vya usukani vya ekseli nzima vyapatikana vikiwa kamili, na asiye na uwezo wa kuvinunua hajawa tayari kuanza kazi.

Sasa tufike kwenye chesisi, ambapo sanaa na sheria hukutana. Hilux ya magurudumu mawili ya enzi hizo imetengenezwa mbele kwa mikono ya kunyongeka inayoning'iniza kila gurudumu peke yake, hali LN106, ile ya magurudumu manne ambayo mafundi wetu wameizoea mno, husimama mbele juu ya ekseli nzima na springi za majani, na chesisi yake ilifinyangwa kiwandani pamoja na mashikio ya springi hizo. Kuigeuza ya kwanza iwe ya pili ni kukata boriti iliyobeba uso wa gari na kulehemu mashikio mapya pahali pasipokusudiwa kuyabeba. Wapo walehemuji wa kuaminiwa kwa kazi hiyo, lakini ni wachache kuliko wanaojitangaza. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba afadhali mwenye gari atafute chesisi kamili ya magurudumu manne, pamoja na ekseli zake na transfa yake, akahamishie juu yake kabini na bodi yake. Mwanzoni huonekana ghali. Mwisho huwa rahisi, maana vali, usukani, propela na uwiano wa difu vyote huja vikiwa vimekwisha kupatana tangu kiwandani.

Lakini nambari ya gari imegongwa juu ya chesisi. Aliyehamisha kabini yake juu ya chesisi nyingine, mbele ya sheria anaendesha gari jingine, nalo lataka kadi ya chesisi ile, iliyonunuliwa kwa hati na kuhamishwa jina kwa Mamlaka ya Mapato upande wa Tanzania, au kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, upande wa Kenya. Kuna wanaoikata nambari ya zamani na kuilehemu juu ya chesisi mpya ili kuepuka safari ya ofisini. Hiyo ni hila, na siku ya ajali bima itaiona, na siku ya kuuza mnunuzi ataiona. Injini nayo, ijapokuwa kuibadili ni jambo la kawaida, ina nambari iliyoandikwa katika kadi, na badiliko lake yapasa kuandikishwa.

Nasema haya nikiwakumbuka pia wale wanaoidharau kazi yenyewe, wakiiita ubabaishaji wa vichochoroni. Dharau hiyo haijui historia. Katika Marekani ya miaka ya thelathini, kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis ilikuwa ikichukua malori ya Ford na kuyafanya yavute kwa magurudumu yote; katika miaka ya hamsini NAPCO ya Minneapolis ikauza seti za kugeuza pikapu za Chevrolet na GMC, na tangu 1957 Chevrolet yenyewe ikawa inazifunga kiwandani mwake. Ford haikutengeneza pikapu yake ya magurudumu manne mpaka 1959. Hilux ilizaliwa 1968, na ya magurudumu manne ikafuata 1979. Kugeuza kulitangulia kutengeneza. Tofauti ya wale wa Indianapolis na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, haiko katika akili wala mikono. Iko katika vipimo vilivyoandikwa, na mtu wa kuvikagua.

Mtu huyo kwetu hakosekani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, hupima na kutoa vyeti kwa mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo hukagua magari. Ninalolitaka ni cheti cha gari lililogeuzwa, cha ukurasa mmoja, kitakachoandika nambari ya chesisi na ya injini, uwiano wa difu zote mbili kama ulivyohesabiwa mbele ya mkaguzi, hali ya vali ya breki baada ya gari kuinuliwa, chanzo cha vitu vya usukani, na jina la fundi aliyefanya kazi pamoja na sahihi yake. Na breki zijaribiwe gari likiwa limepakia mzigo wake kamili, juu ya mteremko, si likiwa tupu uwanjani. Ada yake isipite bei ya tairi moja, ili mwenye pikapu wa Mlalo au wa Rufiji awe na sababu ya kulileta gari lake mwenyewe, mchana, pamoja na fundi wake.